Kazi Yetu Inakaa Wapi

Asubuhi sauti zinatoka Kabambare. Rezo, mtandao wa simu, ikifunguka zinaingia katika simu yangu moja nyuma ya nyingine, nami ninazisikiliza nimekaa mlangoni, macho nimefumba, ili nisione Kasongo. Kwanza ninasikia kuku. Halafu mvua, kama kule inanyesha; mara nyingi huku jua limewaka, kuta zinang'aa, na ndani ya sikio langu kunanyesha. Ninabaki katika mvua hiyo isiyolowesha mpaka mtu aanze kusema. Ni mzee anayeomba karatasi ya shamba lake. Ni mama anayetaka kumwandikia mkubwa wa shule juu ya cheti cha binti yake. Ni mchimbaji wa Lusangi mwenye neno kwa chifu wake, na hataki neno hilo liende na hasira yake yote.

Wanasema Kibangubangu, wanasema Kiswahili, wanachanganya. Nyuma yao kuna sauti ya mwanamke anayewauliza polepole, "Na kisha? Na kisha?", kama anayemshika mtu mkono kuvuka mto. Wakimaliza, yeye anarudia yote kwa Kiswahili, kwa mpango, matusi ameyaacha nje. Mimi ninaandika kwa Kifaransa ndani ya simu ileile, ninapanga kama barua, anwani juu, heshima chini, na ninairudisha. Kule wanaitoa kwenye karatasi katika duka lenye mashine, au wanaituma mbele kama ilivyo.

Hiyo ndiyo kazi yetu. Watu wanaiita sekretaria, kwa sababu zamani niliwahi kupiga barua kwa mashine katika sekretaria moja ya sokoni. Lakini sekretaria ina meza, ina kibao mlangoni, ina benchi la kungojea. Sisi tuna hizo sauti tu, tunaziita vokali, zinazokwenda na kurudi.

Yule mwanamke wa "na kisha" ni muke mwenzangu. Tulikuwa na mume mmoja, sasa hatuna. Yeye ndiye mkubwa. Ni Mubangubangu, alizaliwa Kabambare na hajawahi kuhama. Mimi ni wa familia ya Waislamu wa hapa mjini. Ninamwita yaya, dada mkubwa. Yeye ananiita mdogo wangu, na siku akiwa na hasira ananiita mama wa Kasongo.

Ninaandika haya nikiwa na wasiwasi. Sekondari sikuimaliza, Kifaransa changu ni cha barua tu, nje ya barua kinapotea. Katika mambo ya kodi nitasema nilivyoelezwa na nilivyoelewa, na kati ya hayo mawili huenda kuna shimo. Mwenye kujua zaidi anisamehe, asinifuate.

Jambo lilianzia Wamaza. Wakulima wa kule wana ushirika wao, na walitaka tuwaandikie barua zao zote: maombi ya mbegu, taarifa, mialiko. Tulifurahi. Lakini karani wao alituma vokali ya adabu sana, akasema hata wao wanaulizwa na wale wanaowasaidia, kwa hiyo kila kazi wanayolipia lazima iwe na risiti yenye namba ya kodi. "Si kwamba hatuwaamini, mama zetu," akasema. "Ni karatasi njo haiamini mutu." Bila namba, watatafuta sekretaria nyingine.

Nikavaa kitenge kizuri, nikaenda kwenye biro, ofisi ya kodi.

Nisimwonee agenti wa Kasongo. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi, mwenye miwani, na alinifutia kiti kwa kitambaa kabla sijakaa. Wengi wanasema vibaya juu ya watu wa kodi, nami pia nimesema, lakini siku hiyo yule mtu alifanya kazi yake na alinieleza kwa subira.

"Mama, kazi iko ya nini?"

"Ya kuandika, papa. Mu simu."

"Mu simu namna gani? Unauza mega za interneti?"

"Hapana. Watu wanasema, ninaandika, ninarudisha."

"Aaa. Service en ligne, kazi ya mu interneti." Akaiandika.

Nikaisoma kichwa chini miguu juu, toka upande wangu wa meza. Kwangu mimi *ligne* ni kamba, mstari, ile ya kuanikia nguo. Nikaziona barua zetu zimeanikwa toka Kasongo mpaka Kabambare, zinapepea juu ya majani marefu, na watu wanapita chini yake wakiinua macho. Labda nilikuwa bado ninaziangalia alipouliza swali la pili, ndiyo sababu nilijibu nilivyojibu.

"Na siège iko wapi?"

"Ziko mbili, papa," nikasema. "Moja Kasongo, moja Kabambare. Yangu ni ya plastiki. Ya kule ni ya mbao."

Alicheka mpaka akavua miwani. Mwenzake wa meza ya pili alicheka pia, ingawa sidhani kama alikuwa amesikia.

"Hapana kiti ya matako, mama! Kiti ya biashara. Fasi kazi inakaa."

Shuleni walitufundisha kwamba siège ni kiti, na uongo haukuwa. Nikaona haya, nikacheka nao. Kisha akaniambia mambo, na nilijaribu kuyakamata yote.

Alisema kodi haiangalii kama kazi iko sokoni, dukani au hewani. "Unapata? Basi uko mutu wa kodi. Kama hauna meza, si shida yetu." Alisema mtu mdogo kama sisi anachukua patenti, karatasi ya ruhusa ya mwaka, na kila mwaka anaifanya upya, kazi ikikua mtu anaingia katika rejista ya biashara, na kule kuna mambo mengine ambayo bado hayanihusu. Alisema patenti ni kitu kimoja na kodi ni kitu kingine, watu wengi wanakosea hapo: wanalipa patenti, wanakwenda kulala, wanadhani wamemaliza. Patenti ni ya kuruhusiwa kufanya. Kodi ni ya kile ulichopata kwa kufanya. Namba ni ya kukujulisha wewe ni nani katika hayo yote, na mtu haibadilishi, inamfuata mpaka mwisho. Nilipenda hilo la kufuatwa na namba. Sijui kwa nini nililipenda.

"Tuko wawili," nikasema.

"Patenti iko na jina moja. Mukitaka mbili mufanye société, kampuni, na iyo ni ingine safari: sheria, notère wa muhuri, kwenda Kindu, kurudi." Akaniangalia, akaona ninahesabu safari. "Munaweza kufanya rahisi. Moja awe siège, mwenzake awe succursale."

"Succursale ni nini?"

"Tawi. Nyumba ya pili." Akafikiri, akatabasamu. "Kama bwana mwenye wake wawili, mama. Mukubwa njo siège."

Hakujua. Nasema tena, hakujua; alitafuta mfano wa kunisaidia, na mfano ulikuwa umekaa mbele yake umevaa kitenge.

"Ukitaja Kasongo, unatangaza kodi apa kwetu," akaendelea. "Ukitaja Kabambare, unatangaza kule. Hauwezi kutaja fasi mbili, na hauwezi kunyamaza. Ukinyamaza, sisi njo tutakuchagulia."

Nikatoka na karatasi tupu. Nilipita sokoni, harufu ya mawese na mchele mpya, watu wananisalimu, na mimi ninaitikia nikiwa mbali. Neno lilikuwa limenishika. Kwa Kiswahili chetu mtu anakaa kwenye kiti na anakaa kwenye mji, ni neno lile lile. Nguo inakaa mwilini, au inakataa kukaa. Mtu anakaa kimya. Wajane wanakaa eda. Sasa kazi ya sauti inakaaje? Rezo ikikatika inakuwa wapi? Nilikuwa ninaiona mahali fulani katikati ya njia, juu ya kijiji nisichokijua jina, kama moshi wa asubuhi ambao bado haujaamua uende upande gani.

Na swali lenyewe nililifahamu. Tuliishi nalo miaka mingi, mimi na yaya. Mume wetu alikuwa karani katika ghala la mchele, anazunguka kununua mavuno, na alikuwa na zamu kwake na kwangu. Watu wakiniuliza, "Bwana yako anakaa wapi?", nilijibu, "Hapa." Yaya akiulizwa kule, alijibu, "Hapa." Hakuna aliyedanganya. Wakati mwingine niliota kwamba kuna mahali pa tatu ambapo anakaa kweli, chumba kidogo njiani chenye dirisha moja, na kwamba kwetu sote wawili anakuja kama mgeni.

Alipoandikwa kazi, karatasi ya ghala ilikuwa na mstari mmoja wa mke. Siku hiyo alikuwa ametoka kwangu, ameshiba chakula changu, akaandika mimi. Angetoka Kabambare, sijui angeandika nani. Hatukuijua karatasi hiyo mpaka alipofariki. Tukakaa eda, yeye kwake, mimi kwangu, na eda ilipokwisha tukaitwa ghalani, na mtu wa pale akasoma jina langu, akafunga faili. Yaya alikuwa amesimama karibu nami, amevaa viatu vya kuazima. Aliolewa kabla yangu, alimzalia mume yule watoto, alimwosha miguu. Hakulia wala hakugombana. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa:

"Basi, donc, miye sikukuwako."

Kile kidogo kilichokuja na karatasi tuligawana. Karatasi yenyewe haikugawanyika.

Sasa nilikuwa na karatasi nyingine mkononi, nayo pia ilikuwa na mstari mmoja.

Ningeweza kuijaza palepale na kuandika Kasongo. Niseme haki yangu pia, maana nayo ipo: simu inayoandika ni yangu, Kifaransa ni changu, hata kama ni kidogo, na rezo ya Kasongo ni bora kidogo kuliko ya kule. Lakini Kibangubangu sikijui. Hakuna mtu wa Kabambare atakayefungua moyo wake kwa mwanamke wa mjini asiyemwona. Wanasema kwa sababu yeye amekaa mbele yao na kuwauliza na kisha. Mimi bila yeye ni mwandishi asiye na la kuandika, na yeye bila mimi ana maneno yasiyo na pa kwenda. Nilijaribu kupima upande huu na ule, kila mara pande zilikuwa sawa, halafu mstari ukabaki mmoja.

Nikamtumia vokali ndefu, nikaeleza yote, siège, succursale, patenti, namba. Nilipomaliza nilijisikia nimesema vizuri. Jibu lilikuja jioni ya siku ile: "Nimesikia."

Baada ya hapo hakuna kitu. Asubuhi zilipita na simu imenyamaza. Hakuna mzee, hakuna mchimbaji, hakuna mvua sikioni. Mwanzo nilisema ni rezo. Lakini jirani yangu alikuwa anasemezana na ndugu zake wa Kabambare vizuri tu, anacheka nyuma ya ukuta wangu. Haikuwa rezo.

Nikatafuta pikipiki.

Njia ya Kabambare mtu anaieleza vibaya kila wakati, kwa sababu akifika amekwisha kusahau nusu. Nakumbuka majani marefu yanayofunga pande zote mbili, yanatupiga magotini, na ukungu umelala chini kama maziwa. Nakumbuka madaraja ya miti, ambapo dereva alisema "Shuka, mama," nami nikavuka kwa miguu nikiangalia maji kati ya gogo na gogo. Nakumbuka matope mekundu, sisi wawili tunasukuma, yeye ananiambia nina nguvu kuliko abiria wanaume na mimi ninajua anasema hivyo kwa kila mwanamke. Kuna mahali nilisinzia nikiwa nimeshika mkoba wangu. Nikaona barua zetu zinapita juu ya vichwa vyetu, bila haraka, zinatoka tunakokwenda, na kila moja ilikuwa na sauti yake. Nikajiuliza zinamtafuta nani wakati mimi siko nyumbani.

Yaya alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga sombe. Alinisikia, hakugeuka.

"Karibu, siège," akasema. "Kaa kwenye kiti."

"Yaya, asalamu alaikum."

"Alaikumu salamu. Succursale inatwanga, kama unaona. Chakula ya siège itachelewa kidogo."

Mwanamke jirani aliyekuwa anasuka nywele za binti yake akauliza kwa sauti, "Siège ni nini?"

"Ni cheo," yaya akajibu. "Wanakipata Kasongo."

Nilikaa. Nilikuwa na matope mpaka kiunoni. Nilimwacha atwange, kwa sababu kumkatiza kungekuwa kumwonea, na pia kwa sababu niliogopa. Mchi ulipanda na kushuka. Harufu ya majani ya mihogo yaliyopondeka ilinifanya nitake kulala palepale. Mwishowe yeye ndiye aliyeanza.

"Ukiandika Kasongo, miye niko nini?"

"Succursale."

"Kwa Kiswahili."

"Tawi. Nyumba ya pili."

"Miye?" Sasa aligeuka. "Miye niliolewa wakati weye haujaota meno ya mbele, na leo niko nyumba ya pili?"

"Ni neno ya biro, yaya. Siyo yangu."

"Maneno ya biro inaanguka kila siku upande moja. Umeona?"

Nilikuwa nimeona. Nikamwambia sikuja kumlazimisha. Nikamwambia tunaweza pia kuandika Kabambare, na hapo nikasita, kwa sababu wakati wote wa njia nilikuwa na hofu moja: kwamba nitampa mzigo na kuuita zawadi. Basi nikamweleza huo mzigo kwanza. Jina likiwa lake, patenti ni yake kuifanya upya kila mwaka. Kodi ni yake kuitangaza. Watu wa kodi wakikosea hesabu, watakuja kwake. Akichelewa, faini ni juu yake, mimi nitakuwa Kasongo nakunywa chai. Akizeeka na kuacha kazi bila kuifunga kwa maandishi, wataendelea kumtafuta.

"Watakuja apa? Mu nyumba?"

"Wanaweza kuja."

"Wataniita bile gani?"

"Kwa jina."

"Jina gani?"

"Yako. Yote. Na ya baba yako, kama umeandikisha nayo."

Mchi ulibaki juu, mikononi mwake.

"Ata mutu wa takse, ushuru ya soko," akasema, "ananiandika 'mama'. Mama chumvi. Mama sombe. Siku sikuenda, anaandika mama mwingine, ni sawa tu. Bwana alidaiwa. Baba yangu alidaiwa, walimutafuta mpaka mu shamba, na jina yake mu mudomo. Miye mutu hajanitafuta." Akaushusha mchi taratibu, bila kutwanga. "Na wakikuja na makosa?"

"Tutasoma pamoja. Mimi ninasoma kidogo."

"Kidogo sana," akasema, na nikajua hasira inaondoka. "Basi waje."

Sikujua kama nimefanya haki. Hata leo, kuna siku ninaona nilimpa kitu alichostahili, na kuna siku ninaona nilimsukumia serikali mlangoni kwake kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa ninaiogopa. Labda yote mawili. Yaya anasema nifikirie mambo mengine.

Agenti wa Kabambare alikuwa dada kijana, amechoka na joto, anajipepea kwa jalada la faili. Alitutazama, mmoja mweusi wa jua la shamba, mwingine wa mjini mwenye mkoba, akanigeukia mimi.

"Mwenye kazi ni weye?"

"Miye," yaya akasema.

"Unajua kuandika, mama?"

"Kusema ninajua."

Dada akatabasamu kidogo. Akauliza kazi ni nini, na yaya akaieleza kuliko mimi nilivyoieleza Kasongo: "Watu wako na maneno, maneno haina miguu. Sisi tunaipatia." Dada akaandika service en ligne. Akauliza siège. Yaya alinitupia jicho, jicho la mtu anayeweka kicheko akiba, akajibu, "Iko apa. Kabambare. Inakaa na miye."

Kisha dada akanionyesha kwa kalamu. "Na huyu?"

Tulikuwa tumelala na swali la yaya ni nani, na hakuna aliyeuliza mimi ni nani. Muke mwenzangu? Mstari wa neno hilo haukuwepo. Mshirika? Hiyo ni société, safari ya Kindu.

"Anaandika barua," yaya akasema.

"Basi ni mfanyakazi. Lakini jueni: ukiwa na mfanyakazi, kuna kodi ya mshahara wake pia. Si yeye anakuja kuitangaza. Ni weye, mama, kila mwezi, unamkatia na unamtangazia."

"Ninamutangazia?"

"Eeh. Jina lake linakuwa chini ya lako."

Yaya akanitazama. Nilidhani atafurahi, na kweli alikuwa na haki ya kufurahi. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayevuka daraja la miti. "Utakubali?" akaniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba dada yule hayupo. "Nikuandike chini yangu?"

Neno mfanyakazi halikuwa la kweli. Wala halikuwa la uongo kabisa. Nilikumbuka ghala, faili linafungwa. Nikasema, "Niandike."

Dada akaandika. Akamshika yaya kidole gumba, akakibonyeza kwenye wino, kisha kwenye karatasi, juu, na mstari wangu ulikuwa chini, na mistari ilikuwa miwili. Alipoisoma kusudi athibitishe, alisoma jina lote la yaya kwa sauti ya kila siku, ya mtu anayetaka kwenda kula. Yaya alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame.

Kasongo habari ilifika kabla sijarudi. Shangazi yangu alinipigia simu: "Nasikia umeajiriwa na muke mwenzako! Anakulipa na nini, sombe?" Wakacheka, yeye na wengine waliokuwa karibu naye, na mimi nilicheka, maana ilichekesha. Wakulima wa Wamaza walitumiwa mfano wa risiti yenye namba, kabla ya kazi na malipo kuanza. Karani wao alituma vokali kusema karatasi imekubali.

Nilitaka kurudi, lakini mvua zilikuwa zimeanza, madaraja yakachukuliwa, na madereva wakakataa. Halafu radi ikapiga mnara, na rezo ikafa Kabambare nzima. Siku zikawa laini, hazina pembe. Tulikaa mimi na yaya tukichambua maharage, simu zimezimwa kabatini, na watu waliokuja na maneno yao tuliwaambia wayahifadhi. Wengine waliketi hata hivyo, wakayasema kwa yaya, wakaondoka wamepumzika. Sijui kama hiyo pia ilikuwa kazi. Hakuna aliyelipa, na sisi hatukuomba.

Mwezi ukaisha. Yaya alikumbuka kabla yangu.

"Ni leo ya kutangaza."

"Hatukupata kitu, yaya. Hakuna mshahara. Tutangaze nini?"

"Yule dada alisema kila mwezi. Hakusema kila mwezi yenye rezo."

Tukaenda, tumejifunika plastiki, tunakanyaga maji. Kwenye biro kulikuwa na watu wengi waliokimbia mvua, baadhi yao wakiwa hawana shida yoyote na kodi. Dada alitutambua. Akafungua karatasi ya mwezi, akauliza mshahara uliolipwa, nikasema hakuna. Mapato, hakuna.

"Basi ni néant," akasema, na kalamu ikashuka.

"Ngoja," yaya akasema. "Néant ni nini?"

Nikamwambia. Ni hakuna kitu. Ni utupu. Wafaransa wana neno kwa ajili ya hilo, na wanaliandika pale ambapo kingekuwapo kitu.

Yaya akaweka mkono juu ya karatasi, kiganja kizima, kalamu ikabaki hewani. "Usiandike ivyo juu ya jina yangu. Nimetoka na mvua kuja apa. Andika niko, ila sina."

Watu nyuma yetu walianza kulalamika. Niliona aibu, halafu niliona aibu kwa kuona aibu. Yule dada angeweza kumkemea, siku ilikuwa ya kukemea watu. Akaegemea mbele.

"Mama, sikia. Kama mutu hayuko, mwezi wake iko namna gani?"

Yaya akafikiri. "Haiko."

"Haiko. Karatasi yake haiko. Hakuna mutu anamungojea, hakuna mutu anamuuliza. Wenye kuandikiwa néant ni wale wenye wako apa. Tumewangojea, wamekuja, wamesema mwezi huu hakuna. Njo maana yake."

"Njo maana yake?" Yaya aliniuliza mimi, kwa sababu mimi ndimi wa Kifaransa.

Sikuwa na hakika. Kamusi ya simu ingesema vingine, na simu ilikuwa imezimwa. Lakini nilimtazama yule dada, na hakuwa anatania.

"Njo maana yake," nikasema.

Yaya akaondoa mkono. Dada akaandika lile neno, kwa herufi nzuri, mbele ya jina la muke mwenzangu, na mara ya pili mbele ya jina langu, akaleta wino. Yaya alibonyeza kidole, akakiinua, akakitazama.

"Sasa unisomee," akasema. "Toka juu. Jina yote."

Dada akaangalia foleni iliyokuwa nyuma yetu, akavuta karatasi karibu, akasoma.